Ijumaa ya Sange, Saa kwa Saa

Asubuhi

Kulipokucha tarehe 2 Julai 2010, Kongo ilikuwa imetimiza miaka 50 ya uhuru juzi yake tu. Kinshasa kulikuwa na gwaride kubwa, na Mfalme Albert II wa Ubelgiji alikuwa miongoni mwa wageni. Huku kwetu mashariki watu waliyafuata hayo redioni, kisha wakashika majembe. Alhamisi, siku iliyofuata sherehe, walinda amani wa Umoja wa Mataifa nao walibadili jina: MONUC ikawa MONUSCO. Magari yalibaki yaleyale meupe na barabara ikabaki ileile.

Barabara hiyo ndiyo iliyoikuza Sange. Ukitoka Uvira kwenda Bukavu, unaliacha Ziwa Tanganyika mgongoni pale Kavimvira, unaingia bonde la Ruzizi: Runingu, Sange, Mutarule, Luberizi, Bwegera, Luvungi, hadi Kamanyola, ambako milima inakusogelea na kupanda kunaanza. Kushoto kwako una safu ya Mitumba. Kulia una mto Ruzizi unaoteremka kutoka Ziwa Kivu, na ng'ambo yake ni Burundi. Katikati ni uwanda wa joto, ardhi ya mihogo, mahindi, mpunga na malisho ya ng'ombe.

Enzi ya Wabelgiji bonde hili lililimishwa pamba. Baadaye ikaja miwa, na kiwanda cha sukari cha Kiliba kikawapa vijana wengi ajira mpaka vita vya 1996 vilipokifunga. Mwaka 1964 waasi wa Musa Marandura walipambana na jeshi la serikali katika bonde hilihili, na mwezi Mei Uvira ikaangukia mikononi mwao. Mwaka 1996 vita vya kuivunja Zaire navyo vilianzia upande huu, bonde likiwa limejaa kambi za wakimbizi wa Burundi na Rwanda. Kila mara watu wa Sange walikimbilia milimani au ng'ambo ya mto, na kila mara waliporudi walijenga tena kando ya barabara. Kando ya barabara ndiko anakopita mnunuzi. Ndiko gari la Bukavu linakosimama kwa dakika tano, abiria akashusha kioo na kuulizia mchele, nyanya au mahindi ya kuchoma. Ndiyo maana nyumba za Sange zimeisogelea barabara kiasi cha mtu kukaa mlangoni kwake na kumsalimu dereva.

Naiita kijiji, ingawa wapo watakaosema Sange ilikwisha kuwa mji mdogo. Watu walikuwa wengi, kweli, na maduka yalikuwepo. Lakini mtu akifiwa, mtaa mzima ulijua kabla ya saa moja kupita, na mtoto aliyeiba embe alichapwa na mama yeyote aliyemkuta nalo. Kwangu hicho ni kijiji.

Mchana

Julai ni kiangazi. Mvua imekatika tangu Mei, vumbi limekaa juu ya kila jani, nyasi za mapaa zimekauka hadi zinalia zikiguswa. Wenye mashamba ya mihogo wanang'oa, wanamenya, wanaloweka, wanaanika. Ukipita Sange mwezi huo unaona weupe wa mihogo iliyotandazwa juu ya mikeka na maturubai mbele ya nyumba, na watoto waliopewa fimbo kuwafukuza mbuzi.

Watoto walikuwa wengi nyumbani, maana zile ni siku za mwisho wa mwaka wa shule. Kila familia ya Kongo inazijua: nani kapita, nani karudia, nani ataulizwa na baba yake jioni. Ijumaa, tena, ni siku ya wanakwaya kufanya mazoezi kwa ajili ya Jumapili. Wake wa wanajeshi nao walikuwepo, kwa kuwa jeshi lilikuwa limesambazwa bondeni katika operesheni iliyoitwa Amani Leo, na mwanajeshi wa Kongo huhama na mke, watoto na sufuria zake.

Siku za namna hii haziandikwi popote. Mwanamke anatwanga sombe, jirani anaazima chumvi, kijana anaosha pikipiki yake mtoni apate kupakia abiria wa jioni. Nazitaja kwa sababu habari zilizoenda ulimwenguni kuhusu Sange zilianzia kwenye ajali, kana kwamba kijiji kilizaliwa jioni ile.

Saa kumi alasiri

Saa za Sange na saa za Afrika Kusini ni zilezile. Saa kumi kamili, Port Elizabeth, Uholanzi na Brazil ziliingia uwanjani kwa robo fainali ya Kombe la Dunia, kombe la kwanza kuchezwa Afrika. Robinho akafunga mapema. Kipindi cha pili Uholanzi wakasawazisha, Sneijder akaongeza la pili, Felipe Melo akatolewa kwa kadi nyekundu, na Brazil, timu ambayo nusu ya vijana wa bonde letu walivaa jezi zake za mitumba, ikaaga mashindano.

Lakini Ijumaa ile iliyosubiriwa hasa ilikuwa mechi ya pili: Ghana na Uruguay, saa mbili na nusu usiku. Timu sita za Afrika zilikuwa zimeanza, tano zilikwisha kutolewa. Ghana ilikuwa imebeba bara zima, na kama ingeshinda, ingekuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali. Hakuna aliyekuwa na shughuli kubwa kuliko hiyo.

Anayezijua kumbi zetu za video, zile tunazoziita sine, anajua zilivyojengwa. Ni chumba kimoja kirefu cha matofali ya udongo. Viti ni mabenchi ya mbao, au magogo. Mbele kuna televisheni juu ya meza, nje kuna sahani ya setilaiti na jenereta inayonguruma. Madirisha huzibwa kwa mbao au magunia ili mwanga usiharibu picha, na ili watoto wasio na kiingilio wasichungulie. Mlango ni mmoja, kwa kuwa mwenye sine anasimama pale kukusanya pesa. Siku ya mechi kubwa watu hukaa wamebanana bega kwa bega, watoto wadogo mapajani mwa kaka zao, na waliochelewa husimama wakiuziba mlango wenyewe. Mpangilio huo ni wa kawaida kutoka Fizi mpaka Beni, na kabla ya Julai ile hatukuwahi kuuogopa.

Magharibi

Jua letu mwezi wa Julai huzama nyuma ya Mitumba, na giza huingia upesi kwa sababu milima inalimeza jua mapema. Mwezi usiku ule ulikuwa wa kuchelewa. Mbalamwezi ya kumulika barabara haikuwepo.

Lori la mafuta lililotoka Tanzania lilipinduka katikati ya Sange. Ilielezwa kwamba lilikuwa linajaribu kulipita basi. Lilikuwa limebeba petroli, karibu lita 49,000 kwa hesabu iliyotolewa baadaye. Tangi likapasuka, mafuta yakaanza kutiririka, yakafuata mtaro na mteremko wa ardhi kama maji ya mvua yanavyofanya, kuelekea kwenye nyumba.

Hapa pananipasa nikae kidogo.

Watu walitoka. Walitoka na bidoni za njano, na mabeseni, na sufuria, na ndoo za kuchotea maji. Wengine walitoka mikono mitupu kuangalia tu, maana gari likianguka kijijini kila mtu hutoka: kumtafuta dereva, kuona kama kuna jamaa ndani, kusaidia kusukuma. Watoto walikimbia mbele kama kawaida yao.

Ili uelewe zile bidoni, fikiria mafuta yanavyotufikia. Petroli ya Kivu Kusini hushushwa bandarini Dar es Salaam, husafiri zaidi ya kilomita elfu moja ikikatiza Tanzania, huvuka mipaka, hulipiwa ushuru hapa na pale, na kila kizuizi cha barabarani kina mkono wake ulionyooshwa. Ikifika kijijini inauzwa kwa chupa na vijana wa kando ya barabara tunaowaita Kadhafi, kwa bei ambayo mkulima wa kibarua anaisikia tu. Bidoni moja ya lita 20 ilikuwa ni pesa ya siku nyingi za kulima shamba la mtu mwingine. Ilikuwa ada ya shule ya Septemba, mwezi ambao ulikuwa umebakiza wiki chache tu. Kila siku malori hayo yalipita Sange bila kuacha kitu isipokuwa vumbi. Jioni ile moja lilikuwa limelala mlangoni, na kilichokuwa ndani kilikuwa kinapotelea mchangani.

Simtetei mtu kuchota mali ya mwenzake. Nasema tu kwamba mama aliyetoka na beseni lake alifanya hesabu ambayo mimi nawe tungeifanya, na hesabu yake ilikosa namba moja ambayo hakuna aliyewahi kumfundisha.

Namba hiyo ni mvuke. Petroli yenyewe haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake, na mvuke huo hutoka hata kwenye baridi kali, sembuse kwenye joto la Ruzizi. Ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne. Haupandi juu ukatawanyika kama moshi. Unatambaa chini, unajaza mitaro na mashimo, unapita chini ya milango, unaingia uani na kwenye vyumba vilivyozibwa madirisha, na macho hayauoni. Mtu anaweza kuwa mbali na lori, akadhani yuko salama, kumbe amesimama ndani yake hadi magotini. Halafu cheche moja tu inatosha: sigara, pikipiki inayowashwa, jenereta, kibatari. Na ile ilikuwa saa ya kupika. Katika kila ua kulikuwa na mbabula yenye makaa mekundu na sufuria ya bugali juu yake. Katika kila chumba koroboi ilikuwa inawashwa, kwa kuwa giza lilikuwa limeingia.

Kati ya kupinduka na kuwaka palikuwa na nafasi. Ilikuwa fupi, lakini ilikuwepo, na ilitosha watu kwenda nyumbani kuchukua vyombo na kurudi. Katika nafasi hiyo kazi iliyohitajika haikuwa ya wataalamu. Walihitajika watu wachache wenye sauti na mamlaka: wawili wa kuifunga barabara upande wa Uvira, wawili upande wa Luberizi, na wengine wa kupita nyumba kwa nyumba, sine kwa sine, wakisema zimeni moto, zimeni jenereta, tokeni, nendeni upande unakotoka upepo, msirudi. Baadhi ya nchi zinazopitisha petroli katikati ya makazi ya watu huwafundisha polisi wao kufanya hivyo. Katika bonde la Ruzizi kulikuwa na wanajeshi, polisi, watoza ushuru, na walinda amani wenye redio za mawasiliano. Hakukuwa na kikosi cha zimamoto cha kuitwa, wala desturi yoyote ya nini kifanyike lori la mafuta likianguka, ingawa malori hayo yalipita kila siku ya Mungu. Nikiulizwa Sange ilifia wapi, najibu: ilifia katika nafasi ile.

Usiku

Ulipolipuka, moto ulifuata njia ya mvuke na njia ya mafuta kwa pamoja. Uliwapata waliolizunguka lori. Uliwapata waliokuwa barabarani. Ukaenda nyumbani kwa watu, kwenye mapaa ya nyasi za kiangazi, na kwenye kumbi zilizojaa watazamaji wa mpira.

Sitaeleza zaidi ya hapo. Waliokuwepo wameniomba kwa kimya chao, na picha zilizotangazwa zilikwisha kuonyesha kuliko ilivyostahili.

Nitaeleza kilichofanywa na walio hai. Waliofika kwanza ni majirani, watu wa mitaa ambayo moto haukuifikia, na waliotoka vijiji vya karibu baada ya kuiona anga nyekundu. Walijaribu maji, lakini ndoo ya maji juu ya petroli inayowaka huusambaza moto badala ya kuuzima. Walitumia mchanga. Walibomoa mapaa ili moto usiruke kwenda nyumba ya pili. Waliwaburuta majeruhi wakawalaza mbali na barabara, wakawafunika vitenge. Kitenge ndicho kilichokuwa bandeji ya kwanza ya Sange, na wanawake walivivua viunoni mwao bila kuulizana ni cha nani.

Majina yaliitwa usiku kucha. Kila anayetafuta alikuwa akiita, na kila anayesikia jina linalofanana na la kwao alikuwa akigeuka.

Saa mbili na nusu, Johannesburg, mwamuzi alipuliza filimbi. Mwishoni mwa kipindi cha kwanza Sulley Muntari wa Ghana alifunga kwa shuti la mbali. Forlán wa Uruguay akasawazisha. Zikaongezwa dakika 30, na katika sekunde za mwisho kabisa mpira ukielekea golini, Luis Suárez akauzuia kwa mikono. Asamoah Gyan akapiga penalti, ikagonga mwamba wa juu. Uruguay wakashinda kwa mikwaju, 4 kwa 2. Afrika nzima ililala na huzuni, na mpaka leo ukitaja mkono wa Suárez barazani Dar es Salaam au Nairobi, watu wazima wanatikisa vichwa. Kwa watu wa bonde letu mechi hiyo haina kumbukumbu ya mpira. Tulikuja kuyajua matokeo yake siku kadhaa baadaye.

Alfajiri ya Jumamosi

Kulipopambazuka ndipo ukubwa wa jambo ulipoonekana. Mifupa ya lori ilikuwa barabarani. Pande zote mbili kulikuwa na kuta nyeusi zisizo na mapaa.

Wengi waliokufa hawakuweza kutambuliwa kwa sura. Kwa hiyo watu walihesabiwa kwa kinyume: familia ilijihesabu yenyewe, na asiyeonekana akawekwa upande wa waliokufa. Baba aliyesafiri kwenda Uvira na simu yake ikawa imezimika alihesabiwa amekufa, mpaka aliposhuka garini saa za mchana akiwa mzima. Mtoto aliyedhaniwa amelala kwa nyanya yake hakuwa huko. Zilikuwepo nyumba ambazo hapakubaki hata mtu mmoja wa kufanya hesabu hiyo, zikahesabiwa na jirani.

Wafanyakazi wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu wa Kongo walifanya kazi ambayo siwezi kuiandika bila kusimama kidogo kwa heshima. Walikuwa vijana wa mkoa huuhuu, wenye barakoa na glovu, na baadhi yao walikuwa wanaokota watu waliowajua. Helikopta za MONUSCO zilibeba majeruhi kuwapeleka Bukavu. Wengine walikwenda Uvira kwa magari, na kwa pikipiki, mgonjwa akiwa amekaa katikati ya dereva na ndugu anayemshikilia, juu ya barabara iliyojaa mashimo.

Hesabu iliyotolewa siku hiyo ilipita 230. Waliojeruhiwa walikuwa karibu 200. Kati ya waliokufa, Msalaba Mwekundu ulihesabu watoto 61 na wanawake 36.

Jumamosi, maziko

Kwetu mtu hafi peke yake. Akifa, mwili huletwa nyumbani, hata kama ni kwa kukopa nauli ya gari. Huoshwa, huvishwa nguo yake nzuri, hulazwa ndani na wanawake wakauzunguka. Nje wanaume huwasha moto wa kuni na kukaa matanga, Mfuliiru na Mrundi na Mvira na Mbembe, Mkatoliki na Mpentekoste na Mwislamu, kila mmoja kwa desturi yake. Watu huleta unga, maharage, kuni, bahasha ya mchango, na jina la kila aliyetoa huandikwa kwenye daftari ili siku yake ikifika naye arudishiwe. Kaburini jina la marehemu hutajwa kwa sauti, pamoja na la baba yake, mama yake na watoto aliowaacha. Ni baada ya hapo tu udongo hurudishwa.

Jumamosi ile yalichimbwa makaburi mawili ya pamoja, nje ya makazi. Haikuwezekana vingine. Miili ilikuwa mingi, joto lilikuwa kali, na mingi haikuwa na mtu wa kusema huyu ni wangu. Waliwekwa mmoja baada ya mwingine na watu wa Msalaba Mwekundu. Wachungaji na mapadri waliomba juu ya wote kwa pamoja. Familia zilisimama pembeni bila kujua zitazame upande gani wa shimo.

Serikali ilitangaza maombolezo ya kitaifa, na bendera zilizopandishwa kwa ajili ya miaka 50 ya uhuru zikashushwa nusu mlingoti. Viongozi walikuja, waandishi walikuja, ndege ndogo zilileta dawa. Baada ya siku chache waliondoka, kama ilivyo kazi yao.

Kwa wengi wetu kilichouma baada ya hapo ni maneno. Habari ilipofupishwa ili itoshe kwenye sentensi moja, ikawa: wanavijiji walikuwa wakiiba mafuta, lori likalipuka. Nimeisikia sentensi hiyo kwa Kifaransa, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Niliisikia hata Uvira, kutoka kwa watu ambao wangeweza kwenda Sange na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Viongozi wa mkoa wenyewe walisema siku zilezile kwamba wengi wa waliokufa walikuwa ndani, wakitazama mpira. Walikuwa wamelipa kiingilio, wamekaa kwenye mabenchi, na wala hawakuwa wamegusa hata tone la petroli. Mtoto wa miaka minne aliyekuwa amelala kwenye mkeka hakuiba kitu. Mama aliyekuwa akikoroga bugali uani kwake hakuiba kitu. Na wale waliokuwa na bidoni, nimekwisha kuwasemea: walikuwa maskini kwenye barabara inayopitisha utajiri wa watu wengine, na hawakuambiwa na mtu yeyote kwamba hewa waliyosimama ndani yake inaweza kuwaka.

Tena Sange haikuwa ya kwanza wala ya mwisho. Tarehe 31 Januari 2009, mwaka mmoja na nusu kabla, zaidi ya watu 100 walikuwa wamekufa vivyo hivyo Sachang'wan, karibu na Molo, nchini Kenya. Tarehe 6 Oktoba 2018 ilikuwa zamu ya Mbuba, Kongo ya Kati, kwenye barabara ya Matadi. Tarehe 10 Agosti 2019 ikawa Msamvu, Morogoro, Tanzania, ambako waliokufa walifika 100 na zaidi. Kila mara swali la kwanza linaloulizwa ni kwa nini watu walilikaribia lori. Linaulizwa kwa marehemu, ambao hawajibu. Mimi ningependa waulizwe walio hai: nani alikuwa na jukumu la kufunga barabara, alifika saa ngapi, na alifundishwa na nani?

Wiki zilizofuata

Ijumaa ile haikuisha Jumamosi. Mtu aliyeungua sehemu kubwa ya mwili anaweza kuzungumza na nduguze siku ya kwanza, akaomba maji, akauliza habari za watoto, na nduguze wakadhani amepona. Ngozi ikiondoka, maji ya mwili yanavuja usiku na mchana, na vijidudu vinapata mlango. Anahitaji dripu zisizokatika, dawa kali za maumivu, chumba safi, bandeji za kubadilishwa kila mara na watu waliozoea kazi hiyo. Hospitali za Uvira na Bukavu zilipokea kwa mpigo majeruhi wa aina hiyo ambao hata miji mikubwa ingehangaika nao. Misaada ilifika, madaktari na wauguzi walifanya walichoweza, na bado vitanda vilizidi kuachwa wazi Julai nzima. Hesabu ikaendelea kupanda.

Waliofia hospitalini walizikwa kwa desturi, walau hilo. Wale wa makaburi mawili bado wanatudai, na ni deni linalolipika. Ikiwa kuna orodha kamili ya majina yao, isomwe hadharani kila tarehe 2 Julai, pamoja na jina la baba na la mama, kama inavyosomwa kwenye kaburi la mtu mmoja. Ikiwa haijakamilika, inaweza kukamilishwa, kwa sababu watu hao walikuwa na karatasi zao: rejista za ubatizo za parokia, daftari za wanakwaya, daftari za matanga ambamo waliandikwa walipowachangia wengine. Wale watoto walikuwa na walimu. Walimu walikuwa na orodha za kuita majina asubuhi, za mwaka wa shule wa 2009–2010, na anayetaka kuanza kazi hii aanzie kwenye makabati ya shule za Sange.